Mbweha Aliyesikika Jikoni

"Sasa hapo kimetokea nini?"

Mama aliniuliza hivyo mara nyingi nilipokuwa mdogo, yeye akimenya ndizi jikoni, mimi nimetoka mbio kwa babu na machozi ya kicheko mashavuni. Ng'ambo ya ua, sebuleni kwa babu, kulikuwa na kishindo, kisha filimbi, kisha muziki unaokimbia kama umeiba kitu, kisha kishindo kingine. Sikuwahi kumjibu vizuri. Nilimwambia mbweha amekanyaga reki. Akauliza, halafu? Mpini ukampiga usoni. Halafu? Akageuka, akakanyaga reki nyingine. Mama alinitazama kisu kikiwa kimesimama hewani, akingoja nifike kwenye sehemu ya kuchekesha.

"Ndiyo hiyo," nilisema.

"Maskini," alisema mama, akimaanisha mbweha, na akarudi kwenye ndizi zake.

Katuni zile zilikuwa za babu, baba mzazi wa baba yangu. Ujana wake alikuwa fundi mtambo kwenye gari la sinema lililozunguka vijijini kuonyesha filamu za kuchemsha maji na kuchimba vyoo. Hakuna mtu anayeacha moto wake jioni ya baridi kwenda kutazama choo, kwa hiyo kabla ya choo walionyesha katuni: mbweha anayemwinda kuku, dubu anayepaka rangi nyumba huku amesimama juu ya ngazi anayoipaka rangi, mbwa wawili wanaohamisha piano. Hazikuwa na maneno. Zilikuwa na muziki, vishindo na mayowe. Gari lilipokufa, makopo ya mikanda na projekta moja vilibaki nyumbani kwetu Kinyala. Niliwahi kumuuliza babu kama vitu vile ni vyake kihalali. Aliniambia waliomwachia walimwambia avitunze, na hawajarudi kuulizia, na kama nina haraka niende nikawatafute.

Mama hakuwahi kuona mkanda hata mmoja. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtu hakai chumba kimoja na baba wa mumewe. Hamtazami, hali naye, hatamki jina lake, na wazee wa zamani walikwepa hata maneno yanayofanana na jina hilo. Siku hizi wengi wamelegeza. Mjini Tukuyu utamkuta mkwe na mkwe wamekaa benchi moja wakisubiri huduma, kila mtu na simu yake. Kwetu haikulegea. Babu alikohoa kabla ya kuvuka ua, mama akasikia, akaingia ndani. Mama alipika, mmoja wetu akapeleka. Babu akitaka kusema jambo aliliambia hewani, mbele ya mjukuu yeyote aliyekuwa karibu, na mjukuu alivuka ua nalo. Baba alikuwa mwalimu, amepangiwa kazi mkoa mwingine, akija likizo tu. Kwa hiyo nyumba mbili ziliishi miaka yote hiyo zikitazamana mlango kwa mlango, na watu wazima wawili waliokuwa wakiziendesha hawakuwahi kutazamana usoni.

Nilimaliza chuo kikuu nikarudi nyumbani kungoja ajira. Nasema kungoja, lakini sikuwa mtu wa kungoja. Nilituma maombi, nikafungua simu kuangalia kama yamejibiwa, nikaifunga, nikaifungua. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikakumbuka kitu, ikarudi. Nilitembea barazani kutoka nguzo hadi nguzo. Nilihoji kila kitu: kwa nini tunasali kabla ya chai na si baada yake, kwa nini migomba ya jirani inafukiwa samadi na yetu haifukiwi, kwa nini mtu asome sosholojia. Mama aliniambia kichwa changu kimekuwa kama kuku aliyefungiwa kwenye tenga, kinadonoa hata fito.

Kisha babu akatangaza kwamba anazitoa katuni. Macho yake yalikuwa yanakwenda. Alitoka kliniki ya macho Igogwe akiwa ameshika kijichupa cha dawa, na jioni ile akawasha projekta na kushindwa kupitisha mkanda kwenye meno ya mtambo. Aliniita nimshikie tochi. Balbu iliyokuwa ndani ilikuwa ya mwisho. Nyingine hazipatikani tena. Kulikuwa na kijana wa Dar es Salaam anayekusanya sinema za zamani, aliyesikia habari zake kupitia kwa mtoto wa jirani, na babu alikuwa amemkubalia. Atakuja Jumamosi. Atachukua vyote, projekta pia.

Nililala na jambo moja kichwani. Jumamosi ikipita, mama atakuwa ameisikia mikanda ile maisha yake yote ya ndoa bila kuiona. Si ardhi iliyokuwa ikipotea, wala uhai wa mtu. Ni mbweha na reki yake. Lakini sikuweza kulitoa kichwani.

Asubuhi nilidhani nimepata jibu. Nilitafuta mtandaoni, nikaipata katuni ileile ya mbweha, safi, inang'aa, bure. Nikaenda nayo jikoni. Mama alifuta mikono kwenye kanga, akashika simu kwa vidole viwili kama ameshika kifaranga. Alitazama mpaka mwisho bila kucheka.

"Siyo hii," alisema.

"Ndiyo yenyewe, mama."

"Ile ya kwake, kabla ya yowe la kwanza, muziki unakwama kidogo, kama mtu aliyemeza mate. Halafu ndiyo unasikia kama bati zinaanguka. Hii haikwami."

Nilikwenda kumuuliza babu. Alicheka mpaka akakaa. Mkanda wake uliwahi kukatika pale pale, wakiwa safarini, na yeye aliuunganisha kwa gundi, vipande vichache vikapotea. "Nani kakwambia unakwama?" aliuliza. Nilimwambia ni mama. Akakunakuna kidevu, akaniuliza kama dawa ya macho inawekwa kabla ya kula au baada.

Nilimfuata tena mchana, nikiwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu. Nilimwambia mila ina sababu zake, na sababu ikifa, mila inabaki mzoga. Nilimwambia watu wa kanisani wenyewe hawaishiki tena kwa namna hii. Nilimwambia ingetosha mama akae nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa muda wa mkanda mmoja.

Babu aliniita mke wangu, kama babu wa kwetu wanavyowatania wajukuu zao wa kike. "Mke wangu," alisema, "huko chuo walikufundisha kumkalisha mwanamke mahali ambapo hawezi kucheka?"

"Kwa nini asiweze?"

"Wewe ungeweza? Mtu uliyemheshimu miaka yote bila kumtazama, leo yuko hapo hatua mbili mbele yako. Ungefungua mdomo mpaka koo lionekane?"

Nilisema hilo ni swali jingine. Akasema kwake ni hilohilo.

Kwa mama ilikuwa mbaya zaidi. Nilimkuta anapanga kuni, na badala ya kumsaidia nikaanza kuhutubia. Nilisema yeye ni mtu mzima, ana haki ya kukaa popote katika nyumba anayoilisha. Nilisema anakatazwa. Alipanga kuni mpaka ya mwisho ndipo akageuka.

"Mimi sikatazwi," alisema. "Nilipoolewa hapa nilikuwa mtoto kuliko wewe. Baba yako hayupo, mwaka mzima hayupo. Ndugu zake wakija na maneno yao, nani alikuwa akikohoa pale uani mpaka wanyamaze? Hajawahi kuniambia neno moja, na sijawahi kulala na njaa. Heshima yangu ni ile. Unataka kuninyang'anya ili nikaone mbwa na piano?"

"Lakini unataka kuziona?"

Aliokota kijiti, akakitupa kwenye rundo. "Nani asingetaka?" alisema taratibu. "Na usiniulize tena."

Ijumaa sikumuuliza. Nilizunguka tu. Nilifikiria kurekodi kwa simu kutoka ukutani, lakini simu yangu kwenye giza ilitoa picha kama ya mtu anayezama kwenye uji. Nilifikiria kumwonyesha siku babu akienda kliniki, lakini kliniki ilikuwa wiki inayofuata, na hakuna aliyeweza kuuendesha mtambo ule isipokuwa yeye. Ukanda wa kuzungushia magurudumu yake ulikuwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na ulitii mkono mmoja tu.

Kijana wa Dar alifika Jumamosi mchana na begi lenye pedi za sponji. Alimwamkia babu kwa adabu, akavaa glovu nyeupe, akafungua makopo moja baada ya jingine barazani na kuyanusa. Nilimuuliza anatafuta nini. Alisema siki. Mkanda ukianza kuoza unanuka siki, na ukiwekwa pamoja na mingine unaiambukiza. Mbwa na piano walinuka. Dubu na ngazi yake alikuwa amegeuka waridi mwili mzima kwa sababu rangi nyingine zilikuwa zimekufa. Lakini mbweha alikuwa mwekundu, majani yalikuwa ya kijani na mbingu ilikuwa ya buluu. Kijana aliuinua ule mkanda kwenye mwanga, akautazama kama mtu aliyemwona ndugu yake stendi.

Nilimbana kwa maswali. Kwa nini asafiri kutwa nzima kufuata kitu kilichoko mtandaoni bure? Alinijibu bila kuudhika. Alisema cha mtandaoni kimesafishwa, na mtu aliyekisafisha ameamua kipi ni uchafu. Alisema mikanda hii, hata ikizaliwa mapacha, ikishaanza safari kila mmoja unapata makovu yake. Huu una mikwaruzo ya vumbi la barabara zetu, una kiungo cha gundi ya mzee, haupo mwingine duniani. Na alisema kuna sababu ya kijinga zaidi: mtu akianguka kwenye simu, unacheka peke yako kwa pua. Akianguka ukutani, mkubwa kama ng'ombe, mnacheka kwa tumbo.

"Kwa nini tunacheka hata hivyo?" nilimuuliza. "Mtu anaumia."

"Haumii, dada. Ndiyo raha yake. Ni mahali pekee unapoanguka bila gharama za hospitali."

Alitaka kuona mikanda ikizunguka kabla ya kufunga mzigo. Babu alisema itaonyeshwa jioni, nje, kwa kuwa watoto wa majirani walishasikia na sebule haitoshi. Akaniagiza shuka jeupe. Nilimuuliza ukuta wa sebule una nini. Alisema chokaa imebanduka. Alitaka shuka lifungwe kwenye kamba ya kuanikia nguo, ile iliyokata ua katikati, na mtambo ukae kwenye meza barazani kwake. Kisha, nilipokwisha kufunga pembe zote, akaniambia nilete ndoo ya maji nilimwagie.

"Nililoweshe? Kwa nini?"

"Upepo. Shuka likilowa linakuwa zito, halipeperuki."

Ilikuwa na mantiki. Nilimwaga maji kwa kata kuanzia juu mpaka shuka likaning'inia kama ngozi. Jirani mmoja aliyekuwa akipita aliniuliza kama nafua nguo zikiwa kambani. Nikamwambia ndivyo wanavyofua wenye digrii.

Giza liliposhika, watoto walikaa kwenye majamvi, wazazi wao nyuma, kijana wa Dar kwenye kigoda karibu na mtambo. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani lakini mvua haikuwepo. Babu alipitisha mkanda mimi nikimshikia tochi, akawasha, na mbweha akatokea kwenye shuka, mwembamba, anameza mate, anamtazama kuku.

Nilikwenda upande wa pili kuchukua maji ya kunywa jikoni. Nilipolipita shuka niligeuka bila kukusudia, na nikasimama. Mbweha alikuwa huku pia. Alikuwa anatembea kuelekea upande mwingine, kushoto badala ya kulia, lakini alikuwa mbweha yuleyule, na rangi zake zilikuwa kali karibu sawa na zile za mbele. Watu wote wa upande ule walikuwa wamepotea. Kulikuwa na ua mtupu, mwanga, na sauti ya watoto kutoka mahali pasipoonekana.

Nilitumbukia jikoni. Mama alikuwa ameketi karibu na mafiga, mgongo umegeukia mlango, anasikiliza.

"Njoo mlangoni," nilisema.

"Nilikwambia usiniulize."

"Sikuulizi. Yuko upande ule. Huku hakuna mtu. Njoo uone mwenyewe kama kuna mtu."

Alinyanyuka kwa mashaka, akavuta kanga mpaka kwenye paji la uso, akachungulia. Akatazama ardhi kwanza, kushoto, kulia. Halafu akainua macho. Sijui alisimama muda gani. Alirudi ndani, nikadhani imekwisha, kumbe amefuata kigoda. Alikiweka nje ya kizingiti, akakaa, mikono katikati ya magoti.

Ule mkanda yeye aliujua kuliko sisi sote. Aliujua kwa masikio kwa miaka mingi, kila filimbi na kila bati, akikosa tu kinachozitoa sauti hizo. Sasa kila sauti ilikuwa inapata mwili mmoja baada ya mwingine mbele yake. Mbweha alipoinua mguu juu ya nyasi, muziki ukakwama kidogo, na mama akacheka. Alicheka kabla ya reki. Upande wa pili walikuwa bado wamenyamaza, wanangoja, na kicheko chake kilivuka shuka peke yake, kikubwa, cha kooni, ambacho mimi mwanawe nilikuwa sijawahi kukisikia. Ndipo mpini ukampiga mbweha usoni na ua mzima ukalipuka.

"Kumbe meno ya reki yameelekea juu," aliniambia mama, akinishika mkono. "Hukuniambia kama yameelekea juu."

Nikasikia mtambo unasimama. Babu aliwaambia watu kwamba mkanda umeruka, itabidi arudie. Kijana wa Dar akasema, "Haujaruka, mzee." Babu akamjibu kwamba umeruka, na kwamba mtambo ni wake mpaka kesho asubuhi. Akaurudisha mwanzo. Mbweha akameza mate upya.

Tulitazama mbweha mara mbili na dubu wa waridi mara moja. Mbwa na piano kijana alikataa wasizungushwe, akisema wanaweza kukatika. Mama aliondoka dakika za mwisho za dubu, kabla mwanga haujazimika na shuka kubaki shuka; aliusikia muziki ukielekea mwisho, akabeba kigoda chake na kufunga mlango. Taa za baraza zilipowashwa hakukuwa na mtu upande wa jikoni.

Balbu ilizimika kabla ya kijana kumaliza kukunja waya. Ilitoa mlio mdogo, ikawa nyeusi. Babu aliigusa, ikamchoma, akasema imefanya kazi yake. Asubuhi gari la kukodi lilichukua makopo yote. Babu alisimama uani akisikiliza mpaka lilipopinda barabara ya Tukuyu, kisha akaniambia, akitazama migomba, kwamba ndizi za jana zilikuwa zimeiva vizuri. Nilivuka ua nikamwambia mama. Mama akasema nimjibu ndaga fijo, asante sana. Nikamuuliza ni asante ya ndizi au ya nini. Akaniambia niende tu nikaseme, niache kuwachosha watu.

Kwa muda mrefu niliamini jioni ile niliigundua mimi. Nilijisimulia hivyo: mila ilikuwa na upenyo, na mimi, mtu wa maswali, ndiye niliyeuona. Nilimpa babu sifa ya kurudia mkanda baada ya kusikia kicheko, basi.

Babu alikwisha kufariki nilipopata kazi ya kukusanya maoni ya wanavijiji kuhusu mradi wa maji, na kazi hiyo ikanifikisha kijiji cha Masoko, kwa mama mmoja mzee sana aliyekuwa anaanika kahawa. Tulimaliza maswali ya maji, tukaingia kwenye mazungumzo ya kawaida, na akaanza kunisimulia gari la sinema la enzi zake. Nilimuuliza kama naye aliwahi kuiona hiyo sinema, maana nilijua wakwe zake wangekuwa pale. Akanishangaa. Alisema waliiona wote, wake wote wa kijiji. Wanaume na watoto walikaa mbele, wao walikaa nyuma ya shuka, na kwao kila mtu kwenye sinema alitumia mkono wa kushoto. Shuka kavu picha haipiti vizuri, alisema, kwa hiyo vijana wa mtambo walilimwagia maji kwa ndoo kabla ya kuwasha. Walilimwagia kila walipokuja, hata jioni zisizo na upepo kabisa.